Kutoka Leica M9 hadi M10: namna ya kuzitumia wiki mbili za mwanzo

Mwongozo huu ni wa mpiga picha aliyezoea kamera ya Leica M9 na ambaye sasa ameshika M10, iwe ameinunua dukani au kwa mtu. Mimi nilitumia M9 kwa miaka sita hapa Unguja kabla ya kuhamia M10, na jambo lililonishangaza mwanzoni ni jinsi kamera hizi mbili zinavyofanana mkononi ilhali kazi zinazoweza kufanya hazilingani hata kidogo. Umbo ni lile lile, lenzi ni zile zile, kitufe cha shata kiko pale pale. Kwa hiyo mtu huanza kuitumia kamera mpya kama alivyoitumia ya zamani, na baada ya mwezi hulalamika kwamba haoni tofauti ya fedha alizotoa.

Kamera ya zamani humfundisha mtu mipaka yake mpaka mipaka hiyo ikawa tabia ya mkono. Aliyetumia M9 amejifunza kutopiga usiku, kutompiga mtu anayetembea ndani ya nyumba, kumwomba bibi asogee karibu na dirisha. Mipaka hiyo ilikuwa ya kamera, lakini baada ya miaka mingi mtu hudhani ni yake. Ndiyo maana nashauri wiki mbili za mwanzo zitengwe kwa kazi mbili tu: kwanza kuhakikisha kwamba mtambo wa fokasi, yaani wa kukifanya kitu unachokipiga kiwe kikali kwenye picha, wa kamera mpya unasema kweli pamoja na lenzi ulizonazo, na pili kuivunja mipaka ya zamani, mmoja baada ya mwingine, kwa mazoezi yanayopangwa. Mengine yote, pamoja na kusifu au kulaumu rangi za picha, yanaweza kusubiri.

Kamera hizi zimetenganishwa na miaka zaidi ya saba. M9 ilitoka Septemba 2009 ikiwa na sensa (kidude kinachonasa picha mahali pa filamu) ya aina ya CCD yenye megapikseli 18 iliyotengenezwa na Kodak. M10 ilitoka Januari 2017 ikiwa na sensa ya aina nyingine, CMOS, yenye megapikseli 24. Katikati yake ilikuwapo M Typ 240, iliyorekodi video na iliyokuwa nene, milimita 42. M10 iliondoa video kabisa na kupunguza unene hadi milimita 38.5, jambo ambalo mimi naliona kuwa la busara, kwa sababu anayechagua renjifainda, yaani kamera ya aina hii inayopimwa fokasi kupitia dirisha la pembeni, hachagui mashine ya kufanya kila kitu. Hata hivyo usitarajie wepesi: M9 ina uzito wa gramu 585 na M10 ina takriban gramu 660, na shingo huitambua tofauti hiyo ifikapo jioni.

Jinsi fokasi inavyofanya kazi, na kwa nini uikague kwanza

Katika renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo juu pembeni, na katikati ya dirisha hilo kuna kiraka chenye mwanga kinachoonyesha taswira ya pili ya kitu kile kile, inayoletwa na tundu jingine lililo mbele ya kamera. Unapozungusha pete ya fokasi, sehemu ya nyuma ya lenzi husukuma kikono chenye kigurudumu kilichomo ndani ya mdomo wa kamera, na taswira ile ya pili husogea. Taswira mbili zikilala moja juu ya nyingine, kitu hicho kiko kwenye fokasi. Hakuna umeme katika hatua hiyo. Ni chuma kinachosukuma chuma, na ndiyo maana lenzi moja inaweza kutoa picha kali kwenye kamera hii na picha legevu kwenye kamera nyingine ya kiwanda kile kile.

M10 ina faida ndogo ambayo jicho huihisi mara moja. Umbali kati ya matundu mawili ya kupimia ni milimita 69.25 katika kamera zote mbili, lakini dirisha la M9 hukuza kwa 0.68 na la M10 hukuza kwa 0.73. Ukizidisha, unapata urefu wa kupimia unaofanya kazi wa milimita 47.1 kwa M9 na 50.6 kwa M10. Kiraka huonekana kikubwa zaidi, na kosa dogo ambalo zamani lilijificha sasa huonekana. Anayevaa miwani atafurahi zaidi, kwa kuwa jicho linaweza kukaa mbali kidogo na dirisha na bado likaona fremu (mistari inayoonyesha mipaka ya picha) ya lenzi ya milimita 35 bila kuhangaika.

Sasa jaribio lenyewe. Lifanye siku ya kwanza, kabla hujapiga picha hata moja ya kumwonyesha mtu, na kama unanunua kwa mtu, omba ulifanye kabla ya kulipa.

Anza na kitu cha mbali. Zungusha lenzi hadi alama ya mwisho kabisa ya umbali, kisha elekeza kiraka kwenye kitu kilicho kilomita kadhaa kutoka ulipo. Mimi husimama ukingoni mwa bahari mbele ya bustani ya Forodhani na kuitazama miti ya kisiwa cha Changuu. Anayekaa bara anaweza kutumia mnara wa simu ulio mbali, na usiku mwezi unatosha. Taswira mbili zinapaswa kulingana kabisa. Kama moja imepita nyingine upande wa kushoto au kulia, mtambo umehama. Kama moja iko juu na nyingine chini, fokasi yenyewe haijaharibika, ila jicho litachoka, na mara nyingi ni dalili kwamba kamera iliwahi kuanguka au kugongwa.

Kisha njoo kwenye kitu cha karibu, ambako makosa mengi hukaa. Chukua rula ya sentimita 30 na kuiegemeza kwenye rundo la vitabu ili iinuke kwa mwinamo wa nyuzi 45. Ubavuni mwake simamisha boksi la kiberiti, uso wake ukiangalia kamera moja kwa moja na ukiwa sawa na alama ya sentimita 15. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, umbali wa mita moja, kimo kimoja na boksi hilo. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, weka ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga) kwenye 200, na utumie saa ya kuchelewesha shata ya sekunde 2 ili mkono usiguse kamera wakati wa kupiga. Pima fokasi kwenye ukingo wa wima wa boksi la kiberiti, kwa sababu kiraka hulinganisha taswira zilizoachana kwa mlalo na hakioni vizuri mistari iliyolala. Piga picha tatu ukianzia mbali kila mara, kisha tatu ukianzia karibu, ukiivuruga fokasi kabla ya kila moja. Usiridhike na picha moja. Mkono wako nao una kosa lake.

Baada ya hapo fanya kitu ambacho M9 haikuweza kukufanyia. Bonyeza kitufe cha LV nyuma ya kamera, uone kile ambacho sensa yenyewe inakiona, kuza picha kwenye kioo mpaka maandishi ya boksi la kiberiti yasomeke, weka fokasi kwa kutazama kioo, na upige picha nyingine tatu. Hizo ndizo shahidi wako. Zikilingana na zile sita za mwanzo, mtambo na lenzi vinaelewana. Zikitofautiana, tazama kwenye rula ukali umeangukia wapi: mbele ya alama ya 15 au nyuma yake, na kwa sentimita ngapi.

Rudia kwa kila lenzi uliyonayo, hata kama itakuchukua mchana mzima. Lenzi zote zikikosea upande mmoja na kwa kiasi kinachokaribiana, kasoro iko kwenye kamera. Ikikosea moja tu, kasoro iko kwenye lenzi hiyo. Lenzi yangu ya milimita 50 yenye tundu la f/1.4 ilikuwa ikipiga sentimita mbili mbele ya boksi, na kwa umbali wa mita moja kosa hilo linatosha kuacha macho ya mtu yakiwa legevu na ncha ya pua ikiwa kali. Kwa miaka sita nilidhani mkono wangu unatikisika. Nilipoiona rula ile kwenye kioo nilikaa kimya kwa muda, nikizikumbuka picha za watoto wa dada yangu nilizozifuta.

Ukikuta kasoro, usiingize bisibisi mwenyewe, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video. Marekebisho ya umbali wa karibu huvuta yale ya umbali wa mbali, na anayegusa upande mmoja bila vipimo huharibu mwingine. Mpelekee fundi anayezijua kamera hizi, pamoja na lenzi zako zote, na picha za rula ukiwa umezichapisha au kuzihifadhi kwenye simu. Jambo moja la kuzingatia: zipo lenzi ambazo fokasi yake husogea nyuma kidogo unapofunga tundu kutoka f/1.4 kwenda f/2.8 au f/4, kwa sababu ya namna vioo vyake vilivyoundwa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu kamera, rudia jaribio kwa tundu tatu tofauti.

Mistari ya fremu

Hapa kuna mabadiliko mawili ambayo hayatangazwi sana na ambayo yatakukosesha picha usipoyajua.

La kwanza ni kwamba mistari ya fremu katika M9 hupata mwanga wake kutoka nje, kupitia kioo cheupe kilicho mbele ya kamera, kwa hiyo huonekana hata kamera ikiwa imezimwa na hufifia gizani. Katika M10 mistari huwashwa na taa ndogo ya ndani. Usiku inaonekana vizuri sana, lakini kamera ikiwa imezimwa haionekani kabisa. Kama ulikuwa na mazoea ya kuinua kamera iliyozimwa na kutafuta fremu kabla ya kuamua kupiga, utaacha mazoea hayo, au ujifunze kuwasha kwa kidole wakati mkono ukiinuka.

La pili ni umbali ambao mistari hiyo imepimiwa. Mistari ya M9 ilipimwa kwa kitu kilicho umbali wa mita 1, na ya M10 kwa mita 2. Kwa picha za mtaani, ambako watu wako mita tatu au nne, M10 ni sahihi zaidi. Katika M9 kila mara nilikuta vitu vya ziada pembezoni ambavyo sikuvitaka. Lakini unapompiga mtu uso wake kwa umbali wa sentimita 70 au 80, mistari ya M10 inakuahidi zaidi ya kile utakachopata, na kilemba au ukingo wa ushungi hukatwa. Acha nafasi ya upana wa kidole kila upande unapokaribia kiasi hicho. Jizoeze kwa kupiga ukurasa wa gazeti lililobandikwa ukutani, kwanza kwa mita 1 na kisha kwa mita 2, ukiweka kingo za gazeti juu ya mistari, halafu ulinganishe na picha uliyoipata. Dakika kumi zinatosha.

Kuvunja mpaka wa mwanga

Sehemu hii ndiyo iliyonibadilisha, na ndiyo ninayoiona kuwa sababu halisi ya kuhama.

M9 huanzia ISO 160 na kukomea 2500, lakini aliyeitumia anajua kwamba namba ya mwisho imewekwa hapo ili iwepo tu. Kufikia 1250 chengachenga, yaani vidoadoa vya ISO ya juu, zilikuwa zimeingia kwenye vivuli, na mimi niliweka mpaka wangu kwenye 640. M10 huanzia 100 na kufika 50000. Sitakushauri kuitumia namba hiyo ya mwisho. Kwa macho yangu 6400 inachapishika bila wasiwasi, na 12500 inafaa kwa picha isiyo na rangi. Lakini kuijua namba hakutoshi kuubadilisha mkono. Nilipokwenda Forodhani usiku wa kwanza na M10, nilirudi nyumbani na picha mia moja na zaidi, nikakuta zote nimezipiga kwa ISO 640 na kasi ya sekunde 1/25, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Mikono ya wachoma mishikaki ilikuwa ukungu mtupu. Kamera ilikuwa mpya na picha zilikuwa za zamani.

Usiku wa pili niliinua gurudumu la ISO lililo juu kushoto mwa kamera, nikaliweka kwenye 3200, nikalishusha. Gurudumu hilo haliwezi kuzungushwa bila kwanza kulivuta juu, na likishushwa limejifunga, kwa hiyo huliwazi tena. Kutoka 640 hadi 3200 ni mara tano, na mara tano ndiyo iliyonipeleka kutoka sekunde 1/25 hadi 1/125 kwa tundu lile lile la f/2. Nilisimama mbele ya kijana anayekamua juisi ya miwa, ambaye nilikuwa nimempiga picha mara nyingi kwa kamera ya zamani. Alikunja muwa, akauchomeka ndimu na kipande cha tangawizi katikati, akausukuma kati ya magurudumu ya mashine, na juisi ikaanza kuchirizika kwenye kopo lililowekewa chujio. Nilipiga picha tatu. Katika ya pili, vidole vyake viko sentimita chache kutoka kwenye chuma, kucha zake zinaonekana, nyuzi za muwa zinaonekana, na mchirizi wa juisi uko wazi kama uzi wa kioo. Alinyanyua uso akaniambia, "Mjomba, leo hukuniambia nisimame." Alikuwa sahihi. Kwa miaka yote nilikuwa nikimwomba asimame tuli, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nikiisimamisha kazi niliyotaka kuionyesha.

Kwa hiyo zoezi la wiki ya kwanza ni hili. Chagua jioni tatu. Jioni ya kwanza funga ISO kwenye 1600, ya pili kwenye 3200, ya tatu kwenye 6400, na usiibadilishe mpaka urudi nyumbani. Usitumie kasi iliyo chini ya sekunde 1/125. Tazama picha kwenye kompyuta siku inayofuata, si usiku ule ule, na kwanza zitazame zikiwa za ukubwa wa kawaida, kwa kuwa anayekuza picha hadi asilimia mia moja mwanzoni huona chengachenga na hamwoni mtu aliye ndani yake. Ukishajua mpaka wako mpya, ndipo uweke gurudumu kwenye A, ili kamera ijichagulie ISO yenyewe, uingie kwenye menyu, uweke kikomo cha juu cha ISO, na uchague kasi ya chini ambayo kamera haitaivuka. M10 inaruhusu kasi hiyo ifuate urefu wa lenzi, ama kwa kipimo chenyewe, ama mara mbili, ama mara nne ya kipimo hicho. Mimi nimeweka mara nne: lenzi ya milimita 35 hunipa takriban 1/140 na ya milimita 50 hunipa 1/200. Megapikseli zinapoongezeka, mtikisiko ambao sensa ya zamani ilikusamehe huanza kuonekana.

Weupe wa kanzu na weusi wa buibui

Kipimo cha mwanga cha kawaida katika M10 kinafanana na cha M9: mwanga huakisiwa kutoka kwenye mapazia ya shata na kupimwa kwa uzito zaidi katikati. Hakijui kanzu ni nini. Mtu aliyevaa kanzu akijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kanzu hugeuka kijivu. Akiwa mbali ndani ya kichochoro chenye kivuli, kamera hufuata kivuli na kanzu huungua, yaani hubaki doa jeupe lisilo na mkunjo wala mshono. Buibui hufanya kinyume chake.

Njia ninayoiamini ni kupima mwanga kwenye ukuta wa chokaa uliokwisha kupoteza weupe wake, ulio kwenye jua lile lile alilosimama mtu, kubonyeza kitufe cha shata nusu ili kipimo kishikwe, kisha kurudi kwenye fremu na kupiga. Pale ambapo hakuna muda wa kufanya hivyo, nenda kwenye menyu na ulipe gurudumu la kidole gumba kazi ya kuongeza na kupunguza mwanga, ukae theluthi mbili za hatua chini ya kipimo mchana wa jua kali. Hapa kamera mpya inakusaidia kweli: ukitumia faili ghafi za DNG katika ISO 100 au 200, kivuli kilichozama kinaweza kuinuliwa sana kwenye kompyuta bila kujaa chengachenga, jambo ambalo M9 ilikukubalia kwa kiasi kidogo. Lakini weupe ulioungua haurudi kwenye kamera yoyote kati ya hizi mbili. Linda kanzu kwanza, kivuli utakishughulikia nyumbani.

Kwa kuwa tumetaja buibui, anayeshawishiwa kununua M8 kwa sababu bei yake imeshuka sana anapaswa kujua jambo hili. M8, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa na kichujio chembamba mno mbele ya sensa na iliruhusu miali ya infraredi ipite, hivyo nguo nyeusi za nyuzi za viwandani zilitoka zambarau. Leica iliwapa wenye kamera hizo vichujio viwili vya kufunga mbele ya lenzi. Kwa mwambao huu, ambako katika harusi moja kuna mabuibui mia, M8 bila vichujio hivyo ni kamera ya picha zisizo na rangi tu. M9 ilikwisha kulirekebisha tatizo hilo, na M10 haina.

Rangi

Utasikia watu wakisema rangi za M9 hazijapata mfano na kwamba sensa za CMOS zimeua uhai wa picha. Ninaipenda M9 na nimezitazama picha zake kwa miaka mingi, lakini sikubaliani na kauli hiyo ikisemwa bila jaribio. Sehemu kubwa ya tofauti hutokana na jinsi programu inavyozisoma faili na jinsi kamera inavyokadiria weupe wa mwanga. Fanya hivi: lenzi moja, mtu mmoja, kivuli cha baraza saa nne asubuhi, kadi ya kijivu mkononi mwake, picha moja kwa kila kamera. Sawazisha weupe wa picha zote mbili kwa kadi hiyo. Nilipofanya hivyo, nilikuta ngozi nyeusi katika M9 imeelekea wekundu kidogo na katika M10 imeelekea unjano kidogo, na nilihitaji kusogeza vipimo viwili tu ili zikaribiane. Andika vipimo hivyo, vihifadhi kwenye programu yako, na uvitumie kwa kila faili linaloingia.

Betri, kadi na unyevu

Betri ya M9 haiingii kwenye M10, na ya M10 ni ndogo. Nunua ya pili siku unayonunua kamera, hasa kama utatumia kioo na Wi-Fi mara kwa mara. Betri na kadi bado vinakaa chini ya bamba linaloondolewa kwa mkono, kwa hiyo bamba hilo lisiwekwe juu ya meza ya mgahawa na kusahauliwa. Anayechukizwa na bamba hilo atapenda kujua kwamba M11, iliyotoka Januari 2022 na megapikseli 60, haina tena bamba, ina hifadhi ya ndani ya GB 64 na huchajiwa kwa waya wa USB-C. Mimi sikuhitaji faili kubwa kiasi hicho.

M10 ina mipira ya kuzuia vumbi na manyunyu, lakini mdomo wa lenzi nyingi za M hauna, na hewa ya pwani haingoji mvua. Hifadhi kamera na lenzi kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, uvikaushe au kuvibadilisha kila vinapolowa. Usiiache ndani ya begi la ngozi kabatini, kwa sababu kuvu huanzia humo.

Ukiamua kuiuza M9, piga picha ya anga kwa tundu la f/16 na uitazame kwa makini. Vumbi huonekana kama doa la kawaida na huondoka kwa kupulizwa. Doa lenye duara linalong'aa kando yake ni kutu ya kioo kilichofunika sensa, tatizo ambalo Leica yenyewe ililitangaza mwaka 2014. Mwambie mnunuzi kama sensa iliwahi kubadilishwa au la, na umpe picha hiyo ya anga pamoja na kamera.

Zile picha za rula nazo usizifute. Ziweke kwenye folda yenye tarehe, kwa sababu kikono kile cha ndani huweza kuhama tena baada ya kamera kugongwa mlangoni au kusafiri siku nzima kwenye barabara mbovu ikiwa imelazwa sakafuni mwa gari. Mimi hulirudia jaribio la boksi la kiberiti kila baada ya safari ya namna hiyo, kwa lenzi ile ile ya milimita 50 ambayo sasa imerekebishwa, na huanza na mita moja.